Wasio na Tarehe ya Kuondoka

Elma Rautio alikuwa ameshafika katikati ya ngazi, kompyuta ameikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba ndama mgonjwa, waya wa umeme ukiburuzika nyuma yake na kugonga kipandio kimoja baada ya kingine. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, wiki ya kwanza ya Novemba 1998, na theluji ilikuwa imeanza kushika juu ya magari. Miaka thelathini na moja aliyokaa ofisi ya mahudhurio ilikuwa imeenea kwenye mfuko mmoja wa plastiki: kikombe, viatu vya kuvalia ndani, na kitabu kinene cha programu kilichokatika mgongo. Nyuma yake walishuka watu arobaini na mmoja waliokwisha kufa, kwa mstari, kila mmoja akijishika ukutani kwa mkono wa kushoto, kwa sababu reli ya kulia ilikuwa imepakwa rangi asubuhi hiyo.

Juu ya ngazi alisimama Don Trescott, meneja, mikono kiunoni.

"Elma, mashine hiyo ni ya Kampuni."

"Risiti ina jina langu, bosi. Nilikuomba mashine, ukaniambia nisubiri bajeti. Nikasubiri, nikachoka, nikanunua."

"Na hao?"

Elma hakugeuka. "Hao wana midomo. Waulize."

Trescott aliwatazama, kisha akatazama zulia. Kila walipokanyaga walikuwa wameacha unga mweupe. "Basi wakipita mapokezi wajipanguse," alisema.

"Tulijipangusa miaka kumi na miwili," alijibu Lempi, dada yake Elma, aliyekuwa wa ishirini na tisa kwenye mstari. "Hautoki, baba. Njoo ujaribu wewe."

Mjini Ahola, kule juu kabisa Michigan, Kampuni haikuhitaji jina lingine. Ilichimba jiwe jeupe, ikalisaga, ikawauzia unga watengeneza rangi. Jiwe hutoka ardhini na maji yake, kwa hiyo palikuwa na chumba cha kukaushia: tanuri mbili, madirisha manne yasiyofunguka, na watu wa kugeuza unga kwa mabeleshi. Alhamisi moja ya mwaka 1963 zilifika habari kwamba wakaguzi wako njiani. Ijumaa asubuhi mlango wa chumba ulikuwa umezibwa kwa matofali na ukuta umeshapakwa chokaa. Wafanyakazi waliambiwa warudi nyumbani, wataitwa. Hawakuitwa. Kadi zao za mahudhurio hazikupigwa muhuri wa kuacha kazi, kwa kuwa kupiga muhuri kungekuwa kukiri kwamba kazi ilikuwepo. Zilitiwa kwenye boksi la viatu, boksi likasukumwa nyuma ya kabati, na wenye kadi, mmoja leo, mwingine mwakani, wakaanza kukohoa.

Boksi hilo alilipata Elma mwaka 1996, Kampuni ilipoamua kadi zote ziingizwe kwenye kompyuta na makaratasi yatupwe. Kazi ilimwangukia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa akizijua kadi. Kompyuta hakuijua. Alijifunza kwa vipande: Jumanne jioni chuoni ng'ambo ya daraja, Jumamosi kwenye kile kitabu, huku sauna, kibanda cha kuogea mvuke, ikipata moto.

Programu ile ya kutengenezea programu ilimpendeza kwa sababu haikumtaka mtu aandike sana. Unachora. Unachukua kitufe kwenye kisanduku cha vifaa, unakiweka kwenye fomu mahali unapotaka kibonyezwe. Unachukua jedwali tupu, unalitandaza chini yake kama kitambaa cha meza. Kisha unachukua kialama cha pipa dogo, ambacho ndicho muunganisho wa kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu zote, unakidondosha pembeni. Mtumiaji hatakiona kamwe, ila ndicho kitakachokuwa kikienda kuteka. Mwisho unafungua dirisha la sifa, unatafuta mstari ulioandikwa Imeunganishwa, na unageuza Hapana kuwa Ndiyo. Hapo hapo, programu ikiwa bado ni mchoro, haijaendeshwa hata mara moja, jedwali linajaa watu wa kweli.

Elma aligeuza Hapana kuwa Ndiyo siku ya Jumatano, mwezi Machi, kabla ya chakula cha mchana. Jedwali likajaa, mlango wa ofisi ukafunguka, na Eino Aho akaingia na beleshi lake, kwa sababu orodha ilipangwa kwa herufi. Wengine walimfuata mpaka Sanfrid Wuori, aliyefunga mlango. Wafu wa idara nyingine hawakuja. Hao kadi zao zilikuwa na mihuri. Lakini kwa kanzidata, mahali patupu si sifuri, wala si hapana. Ni jambo ambalo halijasemwa. Mtu ambaye tarehe yake ya kuondoka ni tupu bado yuko zamuni, na mtu aliye zamuni akiitwa huitika.

Lempi alimtazama mdogo wake kwa muda. Alikuwa amekufa mwaka 1971 akiwa na miaka arobaini na minne. Elma sasa alikuwa na sitini.

"Umezeeka," alisema Lempi.

"Na wewe umekufa."

"Hiyo si sababu ya kuziacha nywele zako hivyo."

Ofisi iliwazoea kufikia Ijumaa. Elma alipopanga orodha kwa tarehe ya kuajiriwa, walijipanga upya kwenye ukumbi wakiombana radhi. Alipochuja waliozaliwa Ufini peke yao, wengine walitoweka wakiwa katikati ya kunywa, vikombe vyao vikasalia mezani vikifuka mvuke, na alipoondoa kichujio walirudi na kumalizia kahawa. Msichana wa mapokezi alijifunza kupika birika mbili zaidi. Mtu wa usalama kazini aliandika barua kwamba ukumbi una watu wengi kuliko idadi inayoruhusiwa iwapo kutatokea moto. Trescott aliijibu kwamba suala linashughulikiwa.

Elma aliikamilisha programu na kuisambaza kwenye meza tisa, ofisi ya mishahara, ghala, zahanati, kote. Kila ilipofunguliwa, wote arobaini na mmoja walikuwemo, namba, idara, mwaka wa kuanza. Idara: Ukaushaji.

Siku moja Lempi aliuliza walimwandika nini alipokufa. Elma alikuwa na nakala ya cheti cha kifo nyumbani, ila hakuhitaji kukitazama.

"Sigara," alisema.

"Sigara nini?"

"Sigara ndizo zilizokuua. Paketi moja kwa siku, ndivyo daktari wa Kampuni alivyoandika."

Lempi aliweka kikombe chini. "Mimi? Niliyetapika kwenye harusi ya Toini kwa moshi wa wageni?"

"Wewe."

"Hata wakinisingizia, si wangenipa nusu paketi?" Aliuangalia unga ulio kwenye mikunjo ya vidole vyake. "Wanakirekebishaje?"

Kingeweza kurekebishwa kwa njia moja tu. Bodi iliyokuwa ikichunguza viwanda vya jiwe jeupe ingeketi Desemba, kwenye mji wa mahakama, kuamua kama chumba cha kukaushia cha Ahola kiliwahi kuwa mahali pa kazi. Ikisema ndiyo, vyeti vya watu wake vyote vingeandikwa upya. Ushahidi ilioutaka ulikuwa mmoja: orodha ya wafanyakazi wote wa zamani, kutoka kwenye kompyuta ya Kampuni, iliyosainiwa.

Ndiyo maana Ijumaa moja mwishoni mwa Oktoba Trescott alimwita Elma na kufunga mlango.

"Ile idara ya Ukaushaji ni makosa ya uingizaji. Wafute."

"Si makosa. Kadi nilizishika mimi."

"Kadi ziko wapi?"

"Ulisema makaratasi yatupwe."

"Basi. Bi Elma, ni kuchagua mistari arobaini na mmoja na kubonyeza mara mbili. Hata dakika haiishi."

"Kujua najua, bosi. Sifuti."

"Kuna mtu anayekuambia ufanye hivi?"

"Wapo arobaini na mmoja, wamekaa hapo nje. Mmoja ni dada yangu."

Trescott alimpa Jumamosi na Jumapili afikirie. Elma aliitumia Jumamosi kwenye sauna na Jumapili kanisani, na Jumatatu akaja kuchukua kompyuta yake.

Aliiweka jikoni, kati ya kasha la mkate na dirisha. Hakuichomeka. Alikuwa amechoka, na isitoshe tundu la umeme la upande ule lilikuwa bovu tangu msimu wa kuwinda paa wa mwaka uliopita. Alipofunua skrini aliona fomu yake imewaka na jedwali limejaa. Aliwahesabu watu mezani, kwenye ngazi na barazani, akatoa unga wa ngano akaanza kukanda pasti, maandazi ya kukunja yenye nyama na viazi ndani.

Kule kwa Kampuni aliletwa mtaalamu kutoka Grand Rapids, Kirk Vandenbosch, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye kalamu tatu mfukoni. Alichukua nakala ambazo Elma alikuwa akizihifadhi kila Ijumaa, akazipakia kwenye mashine kubwa ya makao makuu, akachagua mistari arobaini na mmoja, akabonyeza mara mbili. Kazi ikaisha kabla ya chai. Orodha ikachapishwa, Trescott akasaini, ikapelekwa kwa wakili.

Mchana huo zahanati ilipiga simu. Wale watu bado wapo. Ghala nalo likapiga. Kwenye meza zote tisa idara ya Ukaushaji ilikuwa palepale, na ukumbini Sanfrid Wuori alikuwa akiuliza nani amechukua kiti chake. Kwa muda walikuwa mahali pawili, ofisini na jikoni kwa Elma, jambo ambalo kanzidata yoyote inaliruhusu mradi hakuna anayeandika kwa wakati mmoja.

Kirk alizichomoa nyaya za mtandao mmoja mmoja. Hakuna kilichobadilika. Akaifungua ile fomu, akasoma ndani yake, akaomba apelekwe nyumbani kwa Elma.

Walifika yeye na Trescott saa tisa alasiri, wakagonga theluji kwenye viatu. Lempi alikuwa akibana kingo za pasti kwa uma. Kirk aliukuta waya wa umeme wa kompyuta umezungushwa kwenye mguu wa kiti, akauvuka kwa uangalifu.

"Mama," alimwambia Elma, "kwenye muunganisho umeandika anwani kwa mkono. Anwani ya mashine hii hapa. Programu zote tisa hazijawahi kusoma kokote ila kwako."

"Ndiyo."

"Kitabu kinakataza."

"Ukurasa wa mia mbili na kumi. Nilikuwa nimechoka siku ile. Nikasema nitarekebisha kesho."

"Sote husema hivyo," alisema Kirk, akavuta kiti. Lempi alimsogezea pasti, akaila kwa adabu.

Trescott hakuketi. Alifuata waya kwa macho mpaka mwisho wake, akitafuta mahali pa kuchomoa. Hapakuwa na mahali.

"Yaani ni kosa," alisema. "Ulikosea tu."

"Nilikosea."

"Basi shida iko wapi? Geuza hiyo Ndiyo iwe Hapana, twende zetu."

Elma alijipangusa mikono kwenye aproni. "Mpaka asubuhi ya leo nilikuwa nimekosea bila kutaka, bosi. Kuanzia sasa nimekosea kwa kutaka. Andika hivyo kwenye faili langu, kama bado ninalo."

"Na wewe, mama," Trescott alimgeukia Lempi, "hujachoka?"

"Nimepumzika miaka ishirini na saba, mwanangu. Nina nguvu mpaka zinanikera."

Trescott aliunyosha mkono kuelekea kibodi. Eino Aho, aliyekuwa amekaa upande ule, aliweka beleshi lake juu ya meza, kati ya mkono na kibodi, taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Trescott akaurudisha mkono mfukoni. Kirk alimaliza pasti yake, akashukuru, na wakaondoka.

Njiani, inasemekana, Kirk alimwambia meneja kwamba kitaalamu yule mama yuko sahihi kuhusu mahali patupu kwenye tarehe ya kuondoka. Trescott akamwambia hakulipwa kwa hilo.

Kikao cha bodi kilikuwa tarehe kumi Desemba. Kanisa lilikodi basi la shule, la njano, na Elma akakaa mbele na kompyuta magotini. Wale arobaini na mmoja walikaa watatu watatu kwenye viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Dereva alifungua dirisha lake kidogo kwa ajili ya unga na hakulifunga njia nzima, ingawa nje baridi ilikuwa ya kukata masikio.

Wakili wa Kampuni alisoma orodha. Majina mia sita na kumi na mawili, idara saba. Ukaushaji haukuwa mojawapo. Alisoma vizuri, bila kuharakisha, na alipomaliza alimpa karani karatasi zenye saini.

Elma aliitwa. Aliweka kompyuta mezani na kuigeuza skrini ielekee bodi. Nyuma yake arobaini na mmoja walisimama kwa mpangilio wa herufi.

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwaangalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Hawa ni nani?"

"Chumba cha kukaushia."

"Wako kwenye orodha?"

"Kwenye yangu, ndiyo."

"Yako imesainiwa na Kampuni?"

"Hapana."

Mwenyekiti aliandika kitu. Lempi alitoka mstarini bila kuitwa, akaenda mpaka kwenye meza ya karani.

"Jina?" aliuliza karani.

"Lempi Rautio. Namba mia tatu na nane. Nilianza tisa Aprili, hamsini na moja."

Karani aliteremsha kidole kwenye karatasi, akafunua ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Alikuwa mtu makini. "Haumo, mama."

"Nimesimama mbele yako."

"Nakuona. Orodha ndiyo haikuoni."

"Basi tazama hii." Lempi aliikung'uta mikono yake juu ya meza, na unga ukaanguka, mwingi kuliko mikono inavyoweza kubeba, ukafunika karatasi, kalamu na kiganja cha karani. Ukaendelea kuanguka. Wengine nao, pale walipokuwa wamesimama, wakaanza kujikung'uta, mabega, kofia, mabeleshi, bila kelele, mpaka sakafu ya chumba ikawa nyeupe na viatu vya wakili havionekani. Hakuna aliyewazuia. Walipomaliza walikuwa na unga uleule waliokuja nao.

Mwenyekiti alisubiri utulie, akafuta miwani yake, akasoma uamuzi. Hapakuwa na ushahidi kwamba chumba hicho kiliwahi kuwa na wafanyakazi. Vyeti vibaki kama vilivyo. Bodi iliwashukuru wote waliosafiri katika hali ile ya hewa, na ikaagiza sakafu ifagiwe. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba zilitolewa ndoo kumi na nne za taka.

Nje ilikuwa saa saba mchana, jua kali juu ya theluji. Elma alisimama kwenye ngazi za mahakama akitafuta maneno ya kumwambia dada yake, ila Lempi alikuwa ameshavuka barabara na kuingia dukani kwenye kituo cha mafuta. Alirudi na paketi ya sigara na kibiriti.

"Hujui hata kuishika," alisema Elma.

"Nitajua." Aliwasha, akavuta, akatoa moshi. Hakukohoa. "Chungu. Watu walinunua hii?"

"Lempi, basi linasubiri."

"Lisubiri. Wameandika paketi moja kwa siku, mbele ya watu, na muhuri wakapiga. Basi waje waone ninavyovuta. Leo ndiyo ya kwanza."

Arobaini wenzake walijipanga kwenye ngazi kumzunguka, bega kwa bega. Wakili na Trescott walitoka muda mfupi baadaye, na ilibidi wapite kiubavuubavu katikati yao, mkoba juu ya kichwa, mpaka chini. Hakuna aliyewasukuma, wala hakuna aliyewapisha. Lempi alizivuta zote ishirini. Kila kipisi alikizima kwenye nguzo ya mahakama, ya marumaru, na mpaka leo alama zipo.

Don Trescott alihamishiwa makao makuu, akapandishwa cheo mara mbili, akastaafu akahamia Florida. Mapafu yake ni mazima.

Kirk Vandenbosch alitengeneza programu mpya isiyo na anwani iliyoandikwa kwa mkono. Inafanya kazi vizuri na ina majina mia sita na kumi na mawili. Wenye zile meza tisa waliendelea kuifungua ya Elma pembeni yake; walisema vitufe vyake vimekaa mahali pazuri.

Kampuni iliuzwa kwa kampuni nyingine mwaka 2004. Wanunuzi walikuta watu arobaini wakifika kila siku saa moja asubuhi na kusimama mbele ya ukuta wa matofali mpaka saa tisa. Walichora mstari wa njano sakafuni ili magari ya kunyanyulia mizigo yawazunguke.

Mwenyekiti wa bodi yu hai. Karani aliacha kazi majira ya kuchipua yaliyofuata, akafungua duka la vifaa vya uvuvi. Unga haujamtoka kwenye kiganja cha kulia, na hasalimii kwa mkono huo.

Elma Rautio alikufa mwaka 2011, kwa moyo, akiwa usingizini. Kompyuta iko kwa mpwa wake, ambaye ameambiwa asiiguse na haigusi.

Lempi hakurudi ukutani. Kila siku ya kazi huwa kwenye ngazi za mahakama tangu saa mbili, na hubaki pale mpaka paketi iishe. Cheti chake hakijabadilishwa. Wilaya imeweka kisahani cha majivu cha saruji, na bango linalowaomba wanaovuta wasizuie njia. Yeye huzuia.